Bakteria Mgeni Katika Majaruba ya Dakawa

Mwaka 2019, katika majaruba ya Dakawa mkoani Morogoro, mpunga ulishikwa na ugonjwa ambao jina lake lilikuwa likijulikana, ila kwa namna ile ulikuwa haujawahi kuonekana Afrika. Nataka tuzungumze habari zake leo, wasikilizaji wangu, kwa sababu bakteria aliyeuleta anatuonyesha jambo ambalo kila anayelima, anayeuza mbegu na anayepanga mambo ya kilimo anapaswa kulijua. Ugonjwa mmoja wa mmea unaweza kuletwa na koo kadhaa za bakteria, na kinga inayouzuia ukoo mmoja ikawa haina nguvu yoyote mbele ya ukoo mwingine.

Tuanze na dalili. Jani la mpunga hubadilika rangi kuanzia kwenye ncha. Ukavu hushuka taratibu ukifuata kingo za jani, na mpaka kati ya sehemu iliyo hai na iliyokufa huwa umepindapinda. Rangi huwa ya manjano kwanza, kisha hufifia ikawa ya kijivu. Asubuhi na mapema, kabla jua halijakolea, unaweza kuona vitone vidogo vya manjano juu ya jani. Hao ndio bakteria wenyewe, mamilioni kwa mamilioni, wametoka ndani ya mmea na wanangoja mvua au upepo uwabebe. Mche mchanga ukiambukizwa muda mfupi baada ya kupandikizwa unaweza kunyauka wote ukafa. Mmea mkubwa hauanguki, lakini jani lililokauka halitengenezi chakula, na punje hazijai. Huko Asia, ugonjwa ukiingia mapema msimuni huweza kuondoka na nusu ya mavuno, na mahali pengine zaidi ya hapo.

Wakulima wetu wengi wanakijua kimyanga, ule ugonjwa wa virusi ambao kwa mara ya kwanza ulitambuliwa Kenya mwaka 1966, karibu na Kisumu. Mtu akiona shamba limegeuka manjano, wazo la kwanza ni hilo. Au anadhani ardhi imechoka, basi anaongeza urea. Hapo ndipo anapojiumiza mwenyewe, maana mpunga uliolishwa naitrojeni kupita kiasi huzidi kulegea mbele ya bakteria hawa. Dawa za ukungu zinazouzwa madukani nazo hazisaidii kitu, kwa kuwa bakteria si ukungu. Mkulima hutumia fedha na jani linaendelea kukauka.

Bakteria huyo anaitwa Xanthomonas oryzae. Wakulima wa Fukuoka, Japani, waliuona ugonjwa wake tangu mwaka 1884. Baadaye ukajulikana India, Ufilipino, China, Indonesia na karibu kila nchi ya Asia inayokula wali. Kwetu Afrika uliripotiwa kutoka Mali mwaka 1979, kisha nchi nyingine za Afrika Magharibi na Kati. Kwa hiyo mtu angeweza kusema: sawa, ugonjwa upo Asia, upo Afrika, ni ule ule, tuchukue mbegu kinzani za Asia tuzipande huku, mambo yaishe.

Wachunguzi walipoanza kusoma vinasaba vya bakteria waliokusanywa kutoka mabara yote hayo, waliona kwamba hesabu hiyo haiendi. Bakteria wa Asia ni ukoo wake, na wa Afrika ni ukoo wake. Kuna hata kundi la tatu, lililoonekana Marekani, katika majimbo ya Texas na Louisiana, ambalo ni dhaifu kiasi kwamba haliusumbui sana mpunga. Koo hizi hazikuchanganyika. Fikiri juu ya hilo kidogo. Mchele umesafiri duniani karne nyingi. Mpunga wenyewe tunaoulima pwani na bara, ukiacha ule wa asili wa Afrika Magharibi, ulitufikia kutoka Asia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Pamoja na safari zote hizo, bakteria wa Asia alikuwa amebaki Asia, na wa Afrika akabaki Afrika. Katika sampuli zote zilizokusanywa, mpaka kati yao ulikuwa umenyooka.

Mpaka huo ndio uliovunjika Morogoro.

Majani yenye ugonjwa yalipokusanywa na bakteria wakakuzwa maabara, vinasaba vyao vilipangwa pamoja na vya ndugu zao wa dunia nzima. Watafiti walitarajia waangukie upande wa Afrika. Walikwenda kukaa upande wa Asia, karibu kabisa na bakteria wa kusini mwa China. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2023, na walioiandika ni kundi kubwa la watafiti wa Ujerumani, Ufaransa, Marekani, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, yaani IRRI, na washirika wao wa Afrika. Mimi naihesabu kuwa moja ya habari kubwa za kilimo katika eneo letu kwa miaka hii, na inanisikitisha kwamba watu wengi wanaolima mpunga hawajawahi kuisikia.

Kwa nini ukoo uwe na maana kiasi hicho? Bakteria ni bakteria, na jani likikauka limekauka. Ili kujibu swali hili lazima tuingie ndani ya jani.

Bakteria huyu hupita kwenye vitundu vilivyo kwenye ncha na kingo za jani, pale ambapo mmea hutoa matone ya maji usiku, au hupita kwenye kidonda. Desturi ya kukata ncha za miche kabla ya kupandikiza humfungulia njia pana. Akiingia, hukaa ndani ya mirija inayopitisha maji kutoka mizizini. Huko kuna maji mengi lakini chakula ni haba. Sukari ya mmea iko ndani ya seli, imefungiwa. Mpunga una jeni zinazotengeneza malango ya kupitisha sukari, na wanasayansi wamezipa jina la SWEET, kila moja na namba yake. Mmea huyafungua malango hayo kwa wakati wake na mahali pake, kwa mfano sukari inapopelekwa kwenye punje. Kwenye jani la kawaida malango hayo huwa yamefungwa.

Bakteria havunji. Anafanya kama yule mwizi wa kwenye hadithi anayesimama nje ya mlango akaita kwa sauti ya mama, mtoto akafungua mwenyewe. Hupenyeza ndani ya seli ya mpunga protini maalumu, na protini hiyo huenda moja kwa moja kwenye kiini cha seli, ikatafuta mahali panapotangulia jeni ya SWEET, ikakaa hapo na kuiamrisha ifanye kazi. Mmea unatii, kwa sababu amri imekuja katika lugha yake. Lango linafunguka, sukari inamwagika kwenye mirija, bakteria wanakula na kuzaana.

Namna protini hizo zinavyotambua mahali pa kukaa ilifumbuliwa mwaka 2009 na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake, moja la Halle, Ujerumani, na jingine la Iowa, Marekani. Kila protini imeundwa kwa vipande vinavyojirudia, na katika kila kipande viungo viwili tu ndivyo vinavyoamua kipande hicho kitashika herufi gani ya DNA. Ukijua mpangilio wa vipande, unaweza kusoma kwenye karatasi kwamba bakteria huyu analenga jeni ipi ya mpunga. Ni ugunduzi mzuri sana. Ndio unaotuwezesha leo kuchukua bakteria kutoka jaruba moja la Dakawa, kusoma vinasaba vyake, na kujua anaiba sukari kwa kupitia mlango upi.

Tukisoma hivyo, tofauti za koo zinajitokeza wazi. Bakteria wa asili wa Afrika huwa na jeni 8 au 9 za kutengeneza protini hizo, na anapotafuta sukari hutegemea lango moja, SWEET14. Wa Asia wana nyingi zaidi. Mmoja mashuhuri aliyetoka Ufilipino anazo 19. Wa Asia wanaweza kupitia SWEET14, wengine SWEET13, wengine SWEET11. Waliokutwa Morogoro walikuwa na protini ya kiasia inayolenga SWEET11, lango ambalo bakteria wa Afrika hawakuwa wakilitumia.

Na si hilo tu. Mpunga nao hukaa macho. Kuna jeni ya ukinzani inayoitwa Xa1, ambayo watafiti wa Japani waliichambua na kuieleza mwaka 1998. Mpunga wenye Xa1 huzitambua protini za mwizi huyu na kupiga kelele: seli zilizoguswa hujiua zenyewe na kumkatia bakteria njia. Katika Asia Xa1 ilionekana kuwa haina faida kubwa, na kwa muda mrefu watu hawakuelewa sababu. Sababu ikaja kupatikana: bakteria wengi wa Asia wana protini nyingine, zilizokatika, ambazo haziibi chochote, kazi yao ni kuinyamazisha Xa1. Bakteria wa Afrika hawana protini hizo za kunyamazisha. Kwa hiyo jeni iliyodharauliwa Asia ilikuwa tegemeo zuri kwa Afrika. Mtu angeweza kuiingiza kwenye mbegu zetu na kumzuia bakteria wetu wa asili.

Bakteria wa Morogoro alikuja na vyote viwili: protini ya kupitia SWEET11 na protini za kuinyamazisha Xa1. Mbegu iliyoandaliwa kwa miaka kadhaa ili kumkabili bakteria wa Afrika isingemzuia huyu. Wala mbegu zinazopandwa Afrika, zilipojaribiwa, hazikuonekana kuwa na ukinzani wa kufaa dhidi yake.

Geuza upande wa pili sasa. India kuna mpunga unaoitwa Improved Samba Mahsuri, uliotolewa kwa wakulima mwaka 2008 ukiwa na jeni 3 za ukinzani zilizounganishwa katika mbegu moja. Moja ya jeni hizo ni xa13. Ukiichunguza xa13, utakuta kwamba ni SWEET11 yenyewe, ila mwanzo wake umebadilika kidogo, na protini ya bakteria haipati tena mahali pa kukaa. Badiliko hilo lilitokea lenyewe katika mpunga wa kienyeji, na vizazi vya wakulima vikalitunza bila kujua kilichomo ndani. Jeni hiyo inamzuia bakteria anayepita mlango wa SWEET11. Lakini ukimletea bakteria wa Afrika, anayepita SWEET14, haimhusu hata kidogo.

Unaona basi, msikilizaji, ilivyo. Xa1 inamkataza mwenyeji na kumwachia mgeni. Ile ya xa13 inamkataza mgeni wa aina ile na kumwachia mwenyeji. Wote wawili wanakausha majani kwa namna ile ile, na afisa ugani akisimama kwenye tuta hawezi kuwatofautisha kwa macho. Anayechagua mbegu bila kujua ni ukoo gani ulio shambani anabahatisha, na gharama ya kubahatisha anailipa mkulima.

Swali ambalo watu huuliza mara moja ni nani aliyemleta. Naomba tuwe waangalifu hapa. Vinasaba vinatuambia udugu, kwamba bakteria huyu ana ndugu kusini mwa China. Havituambii mtu, wala meli, wala gunia. Bakteria anaweza kusafiri kwenye mabaki ya mimea, kwenye majani makavu yaliyochanganyika na mbegu, labda kwenye mbegu yenyewe, ingawa juu ya hilo la mwisho wataalamu bado wanabishana. Anaweza pia kuwa alifika miaka kadhaa kabla ya kuonekana. Kunyoosheana vidole hakutamtoa shambani. Kinachonihusu zaidi ni kwamba alipita, na kwamba tulimjua baada ya majani kukauka.

Tanzania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Ina TOSCI inayothibitisha ubora wa mbegu. Kenya ina KEPHIS inayokagua afya ya mimea. Vyombo vipo na watu wenye ujuzi wamo. Lakini kumkagua bakteria mpakani kwa kuangalia kama mzigo una dalili hakutoshi, kwa sababu mbegu yenye bakteria wachache inaonekana safi. Na kumkagua kwa jina la ugonjwa tu hakutoshi pia. Ukiwa na kipimo kinachosema "huyu ni Xanthomonas oryzae", mgeni na mwenyeji wote watajibu ndiyo. Tunahitaji vipimo vinavyosema ni Xanthomonas oryzae wa ukoo upi. Vipimo vya namna hiyo vinawezekana, na gharama ya kusoma vinasaba imeshuka sana katika miaka 20 iliyopita. Kinachokosekana mara nyingi ni mkusanyo: bakteria waliochukuliwa mwaka hadi mwaka kutoka Kilombero, Mbarali, Kyela, Kahama, Mwea, Ahero, wakahifadhiwa kwenye majokofu ya hapa hapa, wakiwa na tarehe na mahali. Bila mkusanyo huo hatuna cha kulinganisha nacho. Kwa muda mrefu uchunguzi mwingi wa bakteria wa mpunga barani Afrika ulifanyika Afrika Magharibi na Kati, kuanzia Mali hadi Kameruni. Upande wetu wa bahari ulibaki nyuma, na hilo linaniuma, maana huku nako watu wanakula wali na kuutegemea.

Nitoke kidogo kwenye mpunga niende kwenye ndizi, maana huko kuna kisa kinachokwenda kinyume.

Mnyauko wa migomba wasikilizaji wa Kagera, Kivu, Uganda na Rwanda mnaujua vizuri mno. Bakteria wake ni wa jamii hiyo hiyo ya Xanthomonas. Alielezwa Ethiopia mwaka 1968 kwenye mmea wa enseti, ule unaofanana na mgomba, akaonekana kwenye migomba ya huko mwaka 1974, kisha mwaka 2001 akajitokeza Uganda na mashariki mwa Kongo. Miaka michache baadaye alikuwa Rwanda, Kagera na magharibi mwa Kenya, na mwaka 2010 akaripotiwa Burundi. Watu waliokuwa na shamba lililowalisha vizazi viwili walilikata lote.

Vinasaba vya bakteria huyu viliposomwa, ilionekana kwamba tofauti kati ya mmoja na mwingine ni ndogo sana. Mwaka 2012 Arthur Wasukira na wenzake walionyesha kwamba, pamoja na kufanana huko, wanagawanyika katika matawi mawili. Katika sampuli walizozichunguza, za Kongo na Rwanda zilikaa pamoja na za Ethiopia, na za Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi zikakaa tawi jingine. Kumbe mlipuko wa Kivu na mlipuko wa Uganda, iliyotokea mwaka mmoja na kuonekana kama moto mmoja, ilikuwa na asili mbili. Bila vinasaba, nani angelijua hilo? Na kwa kuwa bakteria wa migomba wanafanana kiasi hicho, ushauri mmoja unaweza kufaa nchi nzima: ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda ili nyuki wasilete ugonjwa, choma panga kwenye moto kabla ya kwenda mgomba mwingine, kata shina lililoumwa mapema na uliache shina jirani likue kama bado zima. Kwenye migomba kazi ni ngumu kwa sababu nyingine: ndizi tunazolima zote zinashikwa na ugonjwa huu. Lakini adui mwenyewe ni mmoja, na anajulikana.

Kwenye mpunga adui ana sura nyingi, na sura zinabadilika. Vinasaba vya Xanthomonas oryzae vimejaa vipande vinavyohamahama, vinavyojinakili kutoka sehemu moja kwenda nyingine na kuvuruga mpangilio. Na zile protini zenye vipande vinavyojirudia ni rahisi kukatika na kuungana upya, ikatoka protini yenye shabaha nyingine. Ufilipino waliliona hili kwa macho. Mbegu zenye jeni ya ukinzani ya Xa4 zilienea huko katika miaka ya 1970. Zilipendwa, zikapandwa eneo kubwa, mbegu ile ile shamba baada ya shamba. Katika miaka michache bakteria walioweza kuishinda Xa4, waliokuwa wachache mwanzoni, wakawa ndio wengi. Hakuna aliyewaleta. Shamba la mbegu moja liliwachagua.

Hapa kwetu mbegu ya Saro 5, iliyotokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Dakawa chenyewe, imewainua wakulima wengi. Inazaa vizuri na soko linaipenda. Sisemi iachwe. Nasema kwamba skimu nzima inapokuwa na mbegu moja, maji ya mfereji mmoja yanapita kutoka jaruba la jirani mmoja hadi la mwingine, na misimu inafuatana bila shamba kupumzika, bakteria anayeiweza mbegu hiyo amepata kila kitu anachokihitaji.

Je, dawa ipo? Inaandaliwa, na hapa nina furaha ya kusema kwamba mbegu iliyochaguliwa ni ya Afrika Mashariki. Inaitwa Komboka, imezalishwa na IRRI na washirika wake wa Tanzania, inazaa sana na ina harufu kiasi. Watafiti wale wale waliomtambua mgeni wa Morogoro waliichukua Komboka wakabadilisha mwanzo wa jeni 3, SWEET11, SWEET13 na SWEET14, katika kila mahali ambapo protini za bakteria zinajulikana kukaa. Jeni zenyewe hawakuziharibu, mpunga unaendelea kuzitumia kwa kazi zake. Kilichobadilika ni mahali pa kupokelea amri. Mtoto sasa hafungui, hata aitwe kwa sauti gani kati ya zile zinazojulikana. Mpunga huo ulipoambukizwa bakteria wa Asia, wa Afrika na wa Morogoro, uliwazuia wote.

Tazameni kwamba kazi hiyo isingewezekana kama watu wasingekuwa na orodha ya bakteria wa mabara yote mawili. Walifunga milango yote kwa sababu walijua ni ipi. Angetokea kesho bakteria mwenye kulenga lango la nne, Komboka hii ingeweza kushindwa, na hapo tungerudi kwenye majokofu na sampuli.

Suala la sheria nalo limesimama. Kenya ilitoa mwaka 2022 miongozo ya mazao yaliyohaririwa vinasaba. Tanzania ilisimamisha majaribio ya mazao ya GMO mwaka 2018, na mjadala wa kama uhariri wa namna hii uhesabiwe pamoja na GMO haujafika kwa wakulima ipasavyo. Mimi naona tofauti ni kubwa: kilichofanywa kwenye Komboka kinafanana na kile kilichotokea chenyewe kwenye xa13 ya India. Lakini naheshimu mwenye wasiwasi, na naomba aulizwe na ajibiwe kwa Kiswahili, mkutanoni, kabla ya uamuzi wowote kupitishwa.

Wakati hayo yanasubiriwa, shamba haliwezi kusubiri. Usikate ncha za miche. Usizidishe urea, igawe mara mbili au tatu. Fukia au ondoa mabua yaliyougua, na maotea ya mpunga wa msimu uliopita usiyaache yakasimama majini. Mpunga pori na magugu kwenye mifereji yang'olewe, maana bakteria anajihifadhi humo. Ukiweza, panda mbegu zaidi ya moja ndani ya skimu, mkubaliane na majirani.

Na ukiliona jani lenye ukavu ule wa pembeni, usibishane na mtu kama ni kimyanga au siyo. Kata kipande cha jani pale ambapo ubichi unakutana na ukavu, kitumbukize ncha ya chini kwenye glasi ya maji safi, ukiinue kwenye mwanga, usubiri kidogo. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye jani kuingia majini, hao ni bakteria. Chukua majani mengine matano au sita yenye dalili, yaweke ndani ya karatasi kavu, mfuko wa plastiki utayaozesha, umpelekee afisa ugani ayafikishe kwenye kituo cha utafiti. Juu ya karatasi andika jina la mbegu, mahali ilikonunuliwa, tarehe, kijiji, na jina la mfereji unaolinywesha jaruba lako, kwa sababu sampuli isiyo na mahali haiwezi kumwambia mchunguzi bakteria yule amefika wapi.